Joto Chini ya Migomba

Kila Rahima anapokwenda kutafuta mbwa, mama yake huweka ndoo ya maji na kopo la udongo safi kwenye mlango wa nyuma. Kwa paka haviwekwi. Majirani wa Bilele, pale Bukoba mjini, wakipita uani hutupa jicho mlangoni na kujua kazi ya siku hiyo ni ya mnyama gani.

"Baba yako alikusomesha ramani," Bi Maimuna alisema asubuhi ile, akishindilia udongo ndani ya kopo. "Ramani za nchi. Sasa unachora mahali mbwa walipolala."

"Nazichora vizuri lakini, mama."

"Hilo sijakataa. Ukirudi, usiguse kitasa kabla hujanawa najisi ya mbwa."

Nilikuwa Bukoba nikielekea Kampala. Nilisikia habari za mwanamke huyu kwenye duka la chai nikaliacha basi liende. Nimeona picha za paka waliopotea zimebandikwa kwenye nguzo za Istanbul, na Lisbon niliwahi kushika gundi wakati mama mmoja akitangaza kasuku wake ukutani. Kote huko watu walikuwa wakitafuta kwa karatasi. Huyu, niliambiwa, anatafuta kwa joto.

Rahima ana miaka thelathini na kitu. Ni mwembamba, na mtandio wake huufunga kwa pini mbili ili upepo wa ziwani usimsumbue anapotazama juu. Babu yake alikuja kutoka Pangani akiwa fundi cherehani, akaoa Mhaya, na nyumba yao mpaka leo huanza sentensi kwa Kiswahili ikaimalizia kwa Kihaya. Alisomea upimaji, akaajiriwa na mradi uliokuwa ukichunguza moto wa misitu kwa droni zenye kamera ya joto. Mradi ulipokwisha, wageni walirudi kwao, na droni moja kuukuu iliyokwisha kuanguka mara kadhaa ikabaki mikononi mwake. Kwa miezi ilikaa juu ya kabati. Kisha paka wa jirani yao wa zamani, Bi Zabibu wa Kitendaguro, akapotea, na bibi yule akaacha kula. Rahima aliteremsha droni, akaomba ruhusa ya kuruka, maana uwanja wa ndege uko pale pale mjini, na kabla jua halijachomoza akamwona paka kwenye kioo cha rimoti: doa jeupe juu ya ukuta wa nyumba isiyoezekwa, ambako alipanda na kushindwa kushuka.

Tangu siku hiyo simu yake haijapumzika. Ametafuta mbuzi, ndama, hata kobe, ambaye alimshinda kwa sababu kobe hana joto la kujivunia. Watu humwita Mama Droni. Hapendi, lakini huitika.

Safari ya Kishanda, wilayani Muleba, aliendesha mwenyewe gari lake dogo, mkoba wa droni ukiwa umefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Mimi nilikaa nyuma. Njiani alinieleza habari ya mbwa tuliyekwenda kumtafuta.

Mzee Mwijage alikuwa mnunuzi wa kahawa mpaka presha ya macho ilipomzimia taa zote mbili. Kwa mwaka mzima hakutoka nje ya ua wake. Ndipo mkewe, Alistidia, alipomchukua mbwa wao wa ulinzi, Koplo, akamshoneshea kwa fundi viatu mkanda wa kifuani wenye kamba ngumu, na kumfundisha njia tatu tu: ya barabarani, ya kisimani, na ya kanisani. Mzee akashika kamba. Akarudi kwenye kwaya ya Walutheri, upande wa besi, na kwenye benchi la duka la mtaani ambako wazee hubishana. Kisha juzi radi ikapiga karibu mno wakiwa njiani kutoka kanisani. Koplo akachomoka na kamba yake, akakimbilia migombani.

"Kamba ndiyo inayonitisha," Rahima alisema. "Mbwa aliye huru hurudi nyumbani mwenyewe. Mwenye kamba hunasa mahali, akabaki hapo mpaka mwisho."

Tulifika mchana. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote, mibuni chini yake, na nyasi nene zimetandazwa ardhini ili kuhifadhi unyevu. Mzee Mwijage alikuwa sebuleni, amevaa koti, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa mahali. Mkewe alitupokea kwa kahawa ya kutafuna.

"Karibu, binti," alisema mzee. "Nasikia wewe ni mtoto wa Hafidhi wa Bilele. Baba yako alinikatia suti ya harusi. Suruali ilikuwa fupi."

"Alisema wewe ndiye uliyeendelea kurefuka, tata," alijibu Rahima, akimwita baba kwa Kihaya.

Mzee alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Nisikudanganye. Nimekwisha kumpigia simu kijana wetu Josia, yuko Mwanza. Jumamosi anakuja na gari atuchukue. Bila Koplo mimi ni mzigo wa mama huyu. Huko kuna ghorofa, kuna lifti, nitakaa."

Alistidia alikuwa amesimama mlangoni. "Utakaa," alisema taratibu. "Na makaburi ya wazazi wako hapo nyuma ya nyumba yatapaliliwa na nani? Lifti?"

Ndipo nikaona masanduku mawili ukutani, yamefunguliwa, hayana kitu. Mama yule alikuwa ameambiwa afungashe, na alikuwa amefikia hapo tu.

"Ruka basi, mwanangu," alimwambia Rahima.

"Sasa hivi siruki, mama. Jua limepasha kila kitu. Mawe, mabati, nyasi, vyote vitang'aa kama mbwa. Alfajiri, ardhi ikipoa, chenye damu ndicho kitakachobaki na joto."

Jioni ile alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kumwarifu kwamba kutakuwa na kitu angani, watu wasishtuke. Alirudi na ahadi kwamba hakuna atakayeirushia mawe.

Alfajiri ilikuja na ukungu mwepesi. Rahima aliipandisha droni kutoka juu ya meza waliyoitoa jikoni. Ningedhani angeipeleka juu kabisa, aone kijiji chote. Hakufanya hivyo. Majani ya migomba hufunika ardhi kama mwavuli, na kutoka juu kamera huona majani tu. Kwa hiyo aliishusha mpaka ubavuni mwa vibanja, akaiinamisha kamera, akawa anachungulia chini ya migomba kwa upande, kibanja baada ya kibanja. Kwenye kioo dunia ilikuwa ya kijivu. Kuku walionekana kama punje za mchele. Mbuzi wawili waling'aa zizini. Umbo refu jembamba lilikaa limejikunyata ndani ya kizimba cha matete.

"Hicho ni choo," Rahima alisema, akaigeuza kamera upesi. "Samahani yake, yeyote yule."

Kisha, mwisho wa kibanja cha jirani, likatokea doa la mviringo, jeupe, limetulia, ukubwa wa mbwa aliyejikunja.

Tulikimbia. Alistidia alikuwa mbele yetu sote, kanga imefungwa kiunoni, fimbo mkononi. Mahali penyewe palikuwa na kilima kidogo cha udongo na majani makavu. Aliita, hakuna kilichojibu. Rahima alihofia mbwa amefukiwa na udongo uliosukumwa na mvua. Alichukua fimbo akaichomeka, akafukua kwa mikono. Mvuke ukampiga usoni, na pamoja nao harufu tamu, nzito.

"Nani anafukua ndizi zangu?"

Alikuwa Rugaibula, jirani, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Alistidia aliinamisha kichwa kwa aibu. Huku ndizi za pombe huivishwa chini ya ardhi: huchimbwa shimo, likapashwa moto, likatandikwa majani ya migomba, ndizi zikapangwa na kufunikwa kwa majani na udongo ili joto lisitoke. Siku kadhaa baadaye huwa zimeiva, tayari kukamuliwa lubisi. Kila mtu wa Kishanda anajua. Alistidia mwenyewe amefunika mashimo kama hayo maisha yake yote. Lakini asubuhi ile alikuwa akitafuta mbwa, na macho yake yaliona mbwa.

Rugaibula alimtazama Rahima, mtandio wake, mikono yake yenye udongo, na kile kidude kikiunguruma juu ya kichwa.

"Nimeishi siku nyingi," alisema. "Sijapata kuona Mwislamu anayetafuta lubisi kwa ndege."

"Nisamehe, baba. Nilidhani ni Koplo."

"Koplo simhifadhi shimoni. Haya, rudishieni udongo. Joto likikimbia, sina pombe wala sina ndizi."

Tulirudisha udongo. Aliukanyaga mwenyewe, akinung'unika.

Mvua ilianza kabla ya saa sita na kunyesha kutwa kucha. Mtu mwingine angelala. Rahima alikaa barazani na picha zote za vibanja alizopiga, akazipanga ziwe ramani moja. Kisha akamwita Alistidia.

"Mama, nani wengine wamefukia ndizi?"

"Huu ni msimu. Wengi."

"Nataka kila shimo. Kesho nisikimbilie pombe ya mtu tena."

Alistidia alichukua mwavuli, akatoka nyumba hadi nyumba. Alirudi ameloa mpaka magotini, akaonyesha kwa kidole kwenye ramani: hapa, na hapa, nyuma ya mbuni huu, na lile la Rugaibula tunalolijua. Rahima akapiga alama ya msalaba kila mahali. Mzee Mwijage alisikiliza kutoka kitini.

"Kwa hiyo mmechora ramani ya pombe yote ya Kishanda," alisema. "Mwenyekiti asiione. Hatalala."

Ulikuwa utani wake wa kwanza siku ile, na wa mwisho. Jioni Josia alipiga simu kuuliza kama wabebe na kitanda. Mzee alisema kitanda kiachwe.

Alfajiri ya pili mvua ilikuwa imekoma na ardhi imepoa barabara. Rahima aliruka tena, betri baada ya betri. Alipita kilimani kwenye mikaratusi, akashuka mpaka bondeni, akarudi kwenye vibanja. Kila doa jeupe alilinganisha na ramani. Lenye msalaba aliliacha. Yasiyo na msalaba yalikuwa mbuzi, ng'ombe mmoja, na mama aliyekuwa akiwasha moto. Alipobakiwa na betri moja aliishusha droni, akakaa chini, akaanza kupitia picha za asubuhi ile upya.

Mzee Mwijage alitoka nje akipapasa ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike kumwona akivuka kizingiti.

"Binti, umefanya kazi. Tumeona. Alistidia, fungasha, Jumamosi si mbali."

"Bado nina betri moja, tata."

"Na jua linachomoza. Mwenyewe ulisema likichomoza basi."

"Nilisema. Bado halijachomoza."

Wakati huo Rugaibula aliingia uani. Mkononi alikuwa na chana la ndizi, kijani upande mmoja, njano yenye mabaka upande mwingine. Aliliweka mezani karibu na droni, kwa adabu ya mtu mwenye madai.

"Waitu Mwijage, salaam. Nimemletea mgeni wako zawadi. Haiwezi kuliwa, haiwezi kukamuliwa. Mlilitoboa shimo langu, joto lote likaondoka. Jana kabla ya giza ilibidi nifukue mkungu hadi mkungu, nikazitundika juu ya moshi jikoni kama babu yangu asiye na jembe."

"Pole sana, baba," alisema Rahima bila kuinua uso. Kisha akauinua. "Ulizifukua zote?"

"Zote. Ningeacha za nini?"

"Na shimo ulilifukia?"

"Nilifukie kwa mvua ile? Nimeliacha wazi. Lina majani tu."

Rahima aliivuta picha ya mwisho wa kibanja cha Rugaibula na kuikuza. Doa lilikuwepo, jeupe, chini ya msalaba alioupiga kwa mkono wake. Alikuwa amelipita mara mbili asubuhi hiyo bila hata kupunguza mwendo.

"Shimo tupu, limenyeshewa usiku kucha," alisema. "Linatakiwa liwe baridi kama kisima. Hili joto ni la nani?"

Alikwisha kuweka betri ya mwisho. Droni iliruka, ikapita juu ya mibuni, ikasimama ubavuni mwa migomba ya Rugaibula na kuinamisha kamera. Kwenye kioo doa lilikaa kimya. Kisha upande wake mmoja ukanyanyuka, ukawa kichwa, ukatazama juu.

Alistidia alishika mdomo kwa mikono miwili. Mzee Mwijage alisikia kimya chetu.

"Mmeona nini? Semeni, mimi sina kioo."

"Ana masikio, tata," Rahima alisema. "Yuko shimoni kwa Rugaibula."

"Basi nipelekeni."

"Subiri hapa tumlete," alisema mkewe.

"Alistidia. Nipeleke."

Tulikwenda polepole, mzee akiwa ameshika bega la mkewe, Rugaibula mbele akituonyesha visiki na kuendelea kulalamika kwa sauti ya chini, ila sasa alikuwa akiulalamikia utelezi. Rahima alituacha nyuma. Tulipofika alikuwa ameingia shimoni mpaka kiunoni. Koplo, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, alikuwa amelala juu ya majani ya migomba, kamba imemzunguka mguu wa mbele na kukazika, mguu umevimba, na mwisho wa kamba umebeba kipande cha kisiki alichokuwa akikiburuta. Alikokuwa siku zile za kwanza hatukujua, na yeye hakusema. Bila shaka usiku wa mvua alinusa majani yaliyobaki na uvuguvugu, akajitosa, halafu kuta zikamshinda.

Aling'aka Rahima alipogusa kamba. Rahima hakurudisha mkono. Mzee Mwijage alipiga magoti ukingoni, suruali kwenye tope, akaimba kwa besi, taratibu sana, mstari mmoja wa zaburi wanayofanyia mazoezi. Ndiyo sauti aliyokuwa akitembea nayo njia ya kanisani. Mbwa alinyamaza. Rahima akakata kamba kwa kisu cha Rugaibula, akamkumbatia mnyama mzima kifuani, akamwinua, na Koplo akamlamba kuanzia kiganja hadi kiwiko.

"Lo," alisema Rugaibula. "Mama yako kule Bilele akijua."

"Anajua," alisema Rahima, akihema.

Mzee alikuwa na kichwa cha mbwa mapajani, vidole vikipapasa mguu, masikio, kidonda. Bila kugeuka alisema, "Alistidia, huyu ni mtoto wa Hafidhi. Mletee maji mengi, na udongo safi wa chini ya mbuni."

Alistidia alimmiminia maji mwenyewe, mara ya kwanza kwa udongo, na mara nyingine mpaka Rahima aliposema inatosha. Rugaibula alishika kata. Alikuwa ameisahau pombe yake, au alikuwa ameamua kuikumbuka siku nyingine.

Nyumbani Rahima aliukagua mguu, akampigia daktari wa mifugo wa Muleba na kumweleza alichokiona. Daktari alisema atakuja mchana, mfupa ukiwa mzima atapona, lakini asiongoze mtu kwa wiki kadhaa.

"Wiki kadhaa nitaongoza mimi," alisema mzee. "Ajue na yeye kuongozwa kulivyo." Kisha akanyoosha mkono apewe simu.

Josia aliitika kutoka Mwanza. Tulisikia sauti yake ikiuliza habari ya gari, kwamba amepata kubwa zaidi.

"Lirudishe," alisema mzee Mwijage. "Hapana, hatuumwi. Hapana. Sikiliza, wewe njoo Jumamosi kwa basi, kama mtu anayekuja kusalimia wazazi wake. Na uje na jembe, kuna shimo la jirani tunatakiwa kulipasha moto upya."

Alikata simu kabla kijana hajauliza. Alistidia alikwenda ukutani, akafunika sanduku la kwanza, akafunika la pili, akayapandisha juu ya kabati. Rahima alikuwa ameketi barazani, mikono bado imelowa, akikunja mabawa ya droni moja moja. Simu yake ilianza kuita mkobani. Akaifuta mikono kwenye gauni, akaitika, akasikiliza.

"Ng'ombe?" alisema. "Wa rangi gani, na ana kamba?"